Tundu Kwenye Karatasi ya Baba

Kufuli lilikuwa jipya. Hilo ndilo lililonitisha kwanza, kabla hata sijaona kwamba kibao kimeng'olewa. Mtu anayefunga ofisi aende kula chakula cha mchana hanunui kufuli jipya.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye ghorofa ya kwanza ya jengo moja katikati ya mji wa Mbarara, Uganda. Wiki tatu nyuma mlango huo huo ulikuwa na picha kubwa ya ufukwe wa Mombasa, na mimi na Naboth wangu tulisimama mbele yake tumeshikana vidole kama watoto wa shule. Meddy, mwenye ofisi ile ya safari, alitupa soda baridi. Alituahidi siku tano baharini baada ya harusi, ndege na hoteli, sisi kazi yetu kupendana tu. Mimi, Élyse, mkimbizi wa mtaa wa Rubondo, kambi ya Nakivale, ambaye maji makubwa ninayoyajua ni ziwa la hapo kambini, nilikunywa ile soda nikajiona bibi harusi wa kwenye kalenda. Leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Safari yenyewe ilikuwa ndoto ya Naboth. Yeye ni koplo, fundi wa magari ya jeshi, na alikaa mwaka mzima Somalia akiitazama bahari kutoka nyuma ya magunia ya mchanga. "Mimi nataka kuona ile maji bila bunduki," aliniambia siku moja, akiangalia viatu vyake. "Na wewe iko pembeni yangu." Mwanamke gani angekataa? Mimi sikukataa.

Lakini Meddy alitaka karatasi. Alisema kwa mkimbizi nakala haitoshi, watu wa viza wanataka karatasi ya familia ile yenyewe, naye angeirudisha baada ya wiki moja. Asiyeishi Nakivale hawezi kujua karatasi hiyo ni nini. Ni ukurasa mmoja wenye picha na majina ya watu wote wa nyumba. Bila huo hupati chakula, hupati dawa, na anayekuuliza wewe nani huna cha kumwonyesha. Baba yangu, Vénant, katekista wa kanisa letu, huiweka ndani ya bahasha ya plastiki, bahasha ndani ya kopo la maziwa ya unga, kopo chini ya kitanda, na halifunguliwi mpaka asubuhi ya uhakiki, siku wakimbizi wanapohesabiwa.

Niliiba ile bahasha. Neno lingine sina. Nilidhani nitairudisha kabla baba hajajua, na kwa haraka sikuangalia hata mlikuwa na nini. Mlikuwa na karatasi mbili: ya sasa, na ya zamani iliyokwisha kufutwa kwa muhuri, ambayo baba aliomba arudishiwe kwa sababu ina picha ya mama. Mama alifia Kabazana, kwenye mahema ya mapokezi, tukingoja kupewa kiwanja. Sura yake haipo mahali pengine popote duniani. Haya niliyakumbuka nikiwa nimekwisha mkabidhi Meddy bahasha na kumwambia asante.

Jumapili baada ya misa wakatangaza kwa kipaza sauti: Jumatano, uhakiki wa Rubondo, kila familia ije nzima na karatasi yake. Nilipiga simu ya Meddy mpaka kidole kikachoka. Haipatikani. Jumanne nikamwambia baba naenda mjini kujaribisha gauni la harusi, naye akanipa nauli na baraka. Ndiyo maana nilikuwa pale, nimelishika lile kufuli kama mtu anayesalimiana nalo.

Mlango wa jirani ulikuwa wa fundi cherehani, mama mmoja mnene aitwaye Molly, na yeye ndiye aliyenionea huruma. Alinivuta ndani akanikalisha.

"Nyabo, dada, hao walienda," akasema. "Jumamosi, na pikapu. Wewe ni mtu wa kumi na moja kuja kulia hapa."

Nikamwambia silii. Akanipa kipande cha kitambaa nipanguse machozi. Akasema walipohama waliacha takataka kwenye korido, naye aliokota karatasi zenye upande mmoja mweupe ili achoree mashati. Akanisogezea boksi nijitafutie bahati yangu. Nilipekua risiti na bahasha zilizochanika, na karibu chini kabisa nikakutana na uso wangu.

Ilikuwa fomu. Jina langu, umri wangu. Mji: Maskati. Kazi: mfanyakazi wa ndani, miaka miwili. Tiketi: ya kwenda tu. Pembeni walikuwa wamebandika picha yangu, na hiyo picha niliijua: nina miaka kumi na tisa, nimenyoa, nimevaa sweta ya shule yenye kola iliyolegea. Ipo mahali pamoja tu. Walikuwa wameikata kwenye karatasi ya baba kwa mkasi.

Lakini kibaya zaidi kilikuwa mstari wa chini. Aliyemleta: Naboth. Na namba ya simu ninayoijua kuliko yangu mwenyewe.

Niliisoma tena pale pale kwenye kiti cha Molly. Mukashema, binti wa jirani yetu, alipelekwa nje kwa kazi ya hoteli na mwanaume aliyempenda. Huu ni mwaka wa pili hajapiga simu. Mama yake bado anachaji ile simu kila siku. Na baba, siku Naboth alipokuja na wajomba zake kunichumbia, alinywa nao bia, akacheka nao, halafu walipoondoka akaniambia kwa upole kabisa, "Mutoto wangu, ukienda kwa askari, wale ba uhakiki watataka niweke kidole ili bakutoshe mu karatasi yangu. Kidole hicho sitaweka. Utaenda, sitakufunga kamba, lakini kidole changu hapana." Kwetu kutosha ni kutoa: alikuwa anakataa kuweka alama ya kidole ili nifutwe kwenye karatasi yake. Nilimwona mzee mgumu. Sasa nilijiuliza kama aliona kitu nisichokiona mimi.

Ningeweza kukimbilia polisi, au nyumbani. Nilikwenda Kakiika, pembeni ya mji, kwa mama yake Naboth, alikokuwa anakaa siku hizo. Usiniulize kwa nini. Nilitaka kumtazama usoni aniambie mwenyewe kwamba aliniuza, kwa sababu bila kusikia hayo kwa kinywa chake nisingeweza kuacha kumpenda, na niliogopa kuendelea kumpenda kuliko nilivyoogopa Maskati.

Mama Evas alikuwa nje anamenya matoke. Ni mjane wa askari, mrefu, mwenye sauti ndogo. Alinikumbatia kwa mikono yenye utomvu akasema nimekuja wakati mzuri.

"Huyu mtu wako tangu Jumamosi hakula," akaniambia. "Mimi nauliza, kuna nini? Ananyamaza tu."

Tangu Jumamosi. Jumamosi hiyo hiyo alinitumia ujumbe wa kunitakia usingizi mwema. Jumapili aliandika kwamba bahari inatungoja. Nilizilalia zile meseji, simu iko chini ya shavu.

Naboth alikuwa nyuma ya nyumba, amepiga magoti kando ya pikipiki yake, mikono imejaa oili. Siku zote macho yake yakinikuta hunikamata na kunishikilia, hata tukiwa mbele ya padri, mpaka mimi nione haya. Siku hiyo yalinikuta yakakimbilia kwenye mnyororo wa pikipiki. Nilibaki mbali naye, karibu na njia ya kutokea getini. Nilikwisha hesabu hatua: tisa.

"Ofisi ya Meddy imefungwa," nikasema.

"Najua."

"Tangu lini unajua, Koplo?"

Humwita Koplo nikimtania. Alijua huu haukuwa utani. "Jumamosi," akajibu.

Nikaiweka fomu juu ya kiti cha pikipiki, nikarudi nyuma. Alijipangusa mikono, akaisoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika chini aliweka kidole kwenye jina lake.

"Hapa wanaandika mimi nilileta wewe," akasema.

"Si weye ulinipeleka pale? Si weye rafiki yake?"

"Meddy tulikua pamoja, lain moja ya nyumba za askari. Ile fomu ya Mombasa niliandika jina langu, ndiyo. Hii hapana. Hii si mkono yangu, Élyse."

"Na juu ya nini ukanyamaza siku tatu? Unaniandikia habari za bahari, na unajua mwenye bahari amekimbia?"

Akasema alitaka kwanza aipate bahasha, aniletee, nisijue kamwe kama ilipotea. Kila jioni tangu Jumamosi alikuwa akienda kukaa kwa mama yake Meddy, nyumba ya tatu kutoka hapo, akingoja mwanawe arudi.

"Niliogopa," akasema. "Wewe ukisikia, utasema Naboth ni mwizi."

"Ninasema. Tena ninaogopa kitu kibaya kuliko wizi."

Aliinuka, akapiga hatua moja kunijia, mkono umenyooka kama anavyofanya siku zote kuniwekea nyuma ya shingo. Mimi nikarudi nyuma. Sikupanga, miguu ilirudi yenyewe. Tangu tujuane, tangu siku gari lake lilipoharibika Rubondo akajikinga mvua barazani kwetu, sikuwahi kurudi nyuma mbele ya Naboth. Aliangalia pale chini mguu wangu ulipokuwa, akaangalia uso wangu, halafu akaweka mikono yake nyuma ya mgongo na kuiacha huko. Machozi yalimjaa mwanaume yule wa vita. Nilimwonea huruma na nikamwogopa, vyote viwili kwa pamoja, na sijui kipi kiliniumiza zaidi.

Mama Evas alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na kisu chake cha matoke. Amesikia kila kitu. Hakumuuliza mwanawe kama ni kweli. Aliuliza jambo moja: mama yake Meddy ana stoo, ameifungua? Naboth akasema amekataa, mwanawe amemkataza. Mama Evas akaingia jikoni akatoka na sufuria kubwa, tupu.

Kuna desturi waliyokuwa nayo wake wa askari kwenye lain yao, alinieleza baadaye. Nyumba zilibanana, waume wako vitani, na ukipiga kelele kila mtu anasikia aibu yako. Basi mwenye malalamiko hapigi kelele. Hufudikiza sufuria yake, mdomo chini, mlangoni kwa mwenzake, akakaa kando yake. Inamaanisha: kwangu hapapikwi mpaka tuzungumze. Na majirani wakiiona, nao huzima majiko yao.

Alifudikiza sufuria ile kwenye kizingiti cha mama yake Meddy, akaketi chini kwenye vumbi na gauni lake safi. Mimi nikakaa kando yake. Naboth alisimama mbali, kwenye uzio. Pazia lilisogea, likarudi. Saa saba, saa saba na nusu. Jirani mmoja alikuwa anakoka moto uani kwake. Alitazama sufuria, akamtazama Mama Evas, mwenzake wa zamani wa kambi, akamwaga maji kwenye kuni zake. Nilikuwa nasali rozari bila rozari, nikihesabia vidole. Nikikosa karatasi ya sasa, baba na wadogo zangu watarudishwa Kabazana kama watu walioingia jana, kwenye mahema yale yale. Nikikosa ya zamani, nimemzika mama mara ya pili.

Mlango ukafunguliwa. Mama yake Meddy alikuwa mzee kuliko nilivyofikiri, na macho yalikuwa yamevimba.

"Evas, toa sufuria."

"Fungua stoo."

"Ni mtoto wangu."

"Na huyu ni wa kwangu," Mama Evas akasema, akaniwekea mkono kichwani.

Ndani ya stoo mlikuwa na gunia la bahasha. Tulizimwaga sakafuni. Yangu niliijua kwa kamba nyekundu ambayo baba huifungia. Nilivuta kwanza ile ya zamani. Mama alikuwepo, mzima, na kile kitambaa chake cha kichwa, amekaza midomo kwa sababu mpiga picha alimkataza kucheka. Nililia hapo waziwazi. Kisha nikavuta ya sasa. Baba yupo. Astère na Ushindi, wadogo zangu, wapo. Na mahali pangu, tundu la mraba. Nilipoinua karatasi nikaona sakafu ya stoo kupitia pale ninapotakiwa kuwa.

Naboth naye alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa lundo, ameshika fomu nyingine. Aliisukuma sakafuni mpaka ikanifikia, bila kunikaribia. Jina: Naboth. Mji: Doha. Kazi: mlinzi wa ghala. Tiketi: ya kwenda tu. Nikashuka hadi mstari wa chini, na hapo nikakuta, kwa mwandiko ule ule ulioandika ya kwangu: Aliyemleta: Élyse.

Nilisoma mara tatu. Rafiki yake wa utotoni alikuwa amemwandalia na yeye, na muuzaji nilikuwa mimi. Kama Naboth ndiye angeokota karatasi hii kwanza, kule kwa Molly, angenijia Rubondo na macho gani?

"Wewe ulitaka kuuza mimi pesa ngapi?" akaniuliza.

"Kidogo," nikasema. "Haupiki."

Tulicheka vibaya, kama watu wanaokohoa. Halafu nikasogea mimi, kwa magoti, juu ya zile bahasha za watu, nikaweka paji langu kwenye bega lake lenye harufu ya oili. Nikamwambia nimemsamehe Maskati kwa sababu si yake, lakini zile meseji za bahari sijazisamehe, na akininyamazia tena namna ile atatafuta mwingine wa kumpeleka kuona maji. Akasema amesikia. Nikamwambia pia kwamba mbele ya baba tutasema yote, wizi wangu na ukimya wake. "Huyo mzee naogopa kuliko Mogadishu," akasema.

Gunia tulilipeleka polisi, isipokuwa bahasha yetu. Jua lilikuwa halijazama tulipofika Rubondo. Nilimweleza baba nikiwa nimepiga magoti, Naboth amesimama nyuma yangu, kofia mkononi. Baba hakukatiza. Alifungua bahasha, akamwangalia mama kwa muda, akamrudisha. Akashika karatasi ya sasa, akapitisha kidole kwenye lile tundu, kikatokea upande wa pili. Hakusema kitu. Hata sala ya jioni alisali kimya. Naboth akalala kwa Jean-Paul, jirani yetu, na mimi sikulala.

Asubuhi tulikuwa kwenye foleni kabla ya saa moja. Naboth alikuja na shati la kanisani, akasimama nyuma yetu, na baba hakumfukuza wala hakumsalimia. Tulipofika mezani, afisa kijana alinyoosha karatasi, akakunja uso. Aliuliza tundu hili ni la nani. Baba akasema ni la mtoto wake mkubwa, huyu hapa. Afisa akanitazama, akatazama pete ya uchumba kidoleni kwangu, akamtazama Naboth. Akasema kwa wema wake kwamba kama naolewa na Mganda, mambo ni rahisi: picha imekwisha kutoka, mzee aweke kidole tu hapa, waniondoe leo leo. Akamsogezea baba kile kidude cha wino.

Kwa niliyoyafanya baba alikuwa na haki ya kukubali. Kidole alichoapa hataweka kwa mapenzi yangu, angeweza kukiweka sasa kwa hasira, nikabaki sina baba kwenye karatasi wala mume. Baba alitazama wino. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu jana, akageuka.

"Weye," akamwambia Naboth. "Siku ulisikia ile ofisi imefungwa, juu ya nini hukukuja kuniambia?"

"Niliogopa wewe, mzee."

"Na kule kwa vita, uliogopa?"

"Kila siku."

"Ulikimbia?"

"Hapana, mzee. Nilikaa."

Baba aliitikia kwa kichwa polepole. Watu nyuma yetu walianza kunung'unika kwamba foleni imesimama. Alikisukuma kile kidude cha wino kikamrudia afisa.

"Mumupige picha ingine," akasema. "Mumurudishe fasi yake, hapa, chini yangu." Akaufuata mstari wa majina kwa kidole mpaka kwenye tundu, akakiacha hapo. "Siku ya harusi ikipita, nitakuja miye mwenyewe kumutosha. Na kidole nitaweka."

Afisa akaniambia nisimame mbele ya kitambaa cheupe, nitazame kamera, nisicheke. Nilikaza midomo kama mama.